MaNcube na Kompyuta Iliyonyamaza

Kabla hujasikia kwa wengine kwamba mimi ndiye niliyechelewesha kazi ya MaNcube kwa sababu sijui kusoma, ngoja nikueleze mwenyewe. Kusoma najua. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na miwili, nimesoma maandishi ya madaktari ambayo kesho yake wao wenyewe walishindwa kuyasoma. Lakini yale yaliyokuwa kwenye skrini ya MaNcube mwezi ule wa Oktoba hayakuwa maandishi ya mtu mwenye akili timamu.

MaNcube ni jirani yangu hapa Luveve. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Jina lake hasa ni Simangele, binti wa akina Ncube, na ameolewa na Khumalo, yule mchomeleaji wa mageti ambaye sote tunamwita Mntungwa kwa jina la heshima la ukoo wake. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Alisoma shule ya wasioona, kisha akaajiriwa kupokea simu kwenye kiwanda cha nguo. Ulikuwa ukipiga simu pale mara moja, ukapiga tena baada ya mwaka, anakuita kwa jina lako na kukukumbusha ulichosema mara ya kwanza. Ana kichwa cha namna hiyo. Kiwanda kilipofungwa wenzake wengi walirudi vijijini. Yeye akajifunza kompyuta.

Kazi yake ni hii. Kuna kituo cha kumbukumbu mjini ambacho hutuma watu Tsholotsho, Lupane na Kezi kuwarekodi wazee wakieleza habari za koo zao. Rekodi zikirudi, MaNcube anazisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Chini ya meza ana pedali, kama ya cherehani. Akiikanyaga, mzee anasema. Akiiachia, mzee ananyamaza. Akikanyaga upande wa kushoto, mzee anarudia alichosema. Vidole huku vinakimbia kwenye kibodi, na kompyuta yenyewe inamsomea alichoandika, kwa sauti ya mwanamume aliyeziba pua. Sauti hiyo tuliipa jina Bwana Mafua. Mafua anatamka Kindebele kama padri mgeni wiki ya kwanza, na MaNcube humharakisha mpaka mimi nasikia kitu kama dengu zikimwagika kwenye sinia. Yeye anaelewa kila neno.

Kwa hiyo masikioni mwake kuna watu wawili muda wote, mzee wa Tsholotsho na Bwana Mafua. Akikosekana mzee, hakuna cha kuandika. Akikosekana Mafua, MaNcube hajui ameandika nini, hajui yuko dirisha gani, hajui hata kama kompyuta iko hai.

Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, nikasikia anaita kutoka ng'ambo ya ua.

"MaDube! MaDube, uko?"

"Nipo, najaza maji ndoo. Leo ndiyo zamu yetu ya maji."

"Acha maji uje. Mafua amenyamaza."

Nikaenda. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono ameiweka mapajani, jambo ambalo silioni mara nyingi. Akaizima, akaiwasha. Ikalia kengele yake ya kuamkia, kisha Mafua akasema, "Karibu kwenye."

Kimya.

"Karibu kwenye nini?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo. Anafika kwenye, anaishia hapo. Nimeiwasha mara tisa tangu asubuhi, mara zote tisa anafika kwenye."

Akakanyaga pedali. Mzee mmoja akaanza kueleza jinsi babu yake alivyovuka mto na ng'ombe wanane, sauti safi kabisa.

"Mbona inasema?" nikamwambia. "Si hiyo hapo?"

"Huyo ni mzee, MaDube. Mzee yupo. Namtaka Mafua."

"Labda umezima sauti."

Alinigeuzia uso kwa namna ambayo sikurudia swali hilo. Akaniomba nimwambie kilichopo kwenye skrini.

"Kuna picha ya mlima."

"Mlima wa nini?"

"Mlima tu. Una theluji. Mzuri kweli, kumbe kila siku unafanya kazi mbele ya mlima mzuri hivi."

"MaDube, achana na mlima. Kuna maandishi?"

"Yapo, kule juu pembeni. Madogo."

"Yanasemaje?"

"Yanasema, ngoja nivae miwani. Yanasema habari za... ah. Yamekwenda."

"Yamekwenda wapi?"

"Yameondoka yenyewe! Kwani mimi nimeyafukuza?"

Basi asubuhi nzima ikapita hivyo. Maandishi yanatokea, namsomea nusu, yanaondoka. Akafungua dirisha jeusi ambalo watu wa kompyuta huandikia amri, akaandika kwa vidole vyake bila kusikia herufi hata moja, akaniuliza imejibu nini. Nikamwambia imejibu mambo mengi, mistari kama ishirini.

"Nisomee."

"Inasema kuna kosa."

"Kosa gani?"

"Kosa tu. Mengine ni namba na vistari."

"Hizo namba na vistari ndizo ninazotaka."

"MaNcube, nikisoma vistari vyote hivi tutakula saa ngapi?"

Sasa naona nilivyokosea. Siku ile niliona yeye ndiye mwenye hasira zisizo na sababu. Jua lilikuwa kali, bati linalia, ndoo zangu zimejaa zinamwagika, na mimi nimekaa nasoma vistari.

Mchana mume wake akaja kula. Mntungwa ni mtu mkubwa, mpole, ana sauti nzito inayotetemesha vikombe kabatini. MaNcube akamuuliza kabla hajanawa mikono.

"Baba, kuna mtu ameigusa kompyuta yangu?"

"Nani aiguse, mama? Kila mtu anajua sheria ya nyumba hii."

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja, kwamba kompyuta haiguswi. Si na wageni, si na ndugu, si na Mntungwa mwenyewe. Hata mimi siku ile nilikuwa nasoma kwa mbali, mikono nyuma kama mtoto dukani. Mntungwa akala haraka, akarudi kwenye mageti yake.

Jumatano MaNcube aliamka na nadharia. Alinieleza tukiwa jikoni kwake tunakunywa amahewu, ule uji wetu mchachu wa mahindi. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna kipande kimoja kinachotoa sauti, wanakiita kadi ya sauti. Programu zote zinakitaka hicho hicho. Kwa kawaida kuna programu ya katikati inayogawa. Inachukua ya mzee, inachukua ya Mafua, inachanganya, inapeleka pamoja. Ila zipo programu zisizopenda kugawana. Zinaishika kadi moja kwa moja, na nyingine zote zinabaki nje ya mlango.

"Kwa hiyo mzee amemfungia Mafua nje," nikasema.

"Si mzee. Ile programu ya pedali inayomchezesha mzee. Yeye anasikika, Mafua hasikiki. Nani mwingine?"

Nikaona anasema kweli. Akaiondoa programu ya pedali nzima nzima, kwa amri ndefu aliyoiandika kwa kuhesabu herufi kwa midomo. Akazima, akawasha.

"Karibu kwenye," akasema Mafua.

Sasa ikawa mzee hayupo na Mafua hayupo. MaNcube alifunga kompyuta, akaifunika kitambaa kama maiti, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Mchana akairudisha ile programu. Saa tatu zilimwishia hapo, kwa kazi ambayo kabla yake aliifanya kwa dakika kumi.

Alhamisi Mntungwa akaleta fundi. Hilo nililiona la ajabu kidogo, kwa sababu Mntungwa si mtu wa kukimbilia mafundi. Bomba lao la nyuma lilivuja mwaka mzima. Lakini alikwenda mjini mwenyewe, akamlipa kijana mmoja anayeitwa Mbonisi mwenye begi la mgongoni na manukato mengi, akamleta mpaka mlangoni.

Mbonisi akakaa kwenye kiti cha MaNcube bila kuomba.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Programu ya kusoma inanyamazishwa na programu nyingine. Nataka kujua ni ipi."

Mbonisi akabonyeza hapa na pale, muziki ukalia mpaka nje. Akanyoosha mikono kama mtu aliyefufua mfu. "Sauti hii hapa! Safi!"

"Muziki nausikia. Nimesema programu ya kusoma."

"Lakini mama, sauti ikiwepo ipo. Sauti ni sauti."

"Kijana wangu, wewe ukimwita mkeo akaja jirani, utasema mtu ni mtu?"

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Mbonisi hakucheka. Akasema tatizo ni Linux, hiyo ni kompyuta ya watu wa majuu wasio na kazi, aiwekee mfumo kama wa watu wengine. MaNcube akamuuliza huo wa watu wengine una msomaji wa bure anayeweza kusoma Kindebele, hata cha mafua? Mbonisi akasema hajui. Akaendelea kubonyeza, akafunga kila alichokiona kimefunguka, na vingine visivyoonekana, na ghafla, katikati ya kubonyeza, Mafua akapiga kelele sentensi nzima.

Sijawahi kumwona MaNcube akisimama haraka vile. Alimshika Mbonisi bega. "Umefanya nini? Umebonyeza nini sasa hivi?"

"Nimetengeneza, mama."

"Umetengeneza nini? Kipi?"

"Vyote," akasema Mbonisi, na akapewa sahani ya isitshwala, yaani ugali, na nyama, akala, akaondoka.

Siku ile MaNcube aliandika kurasa kumi na moja. Niliisikia kibodi kupitia ua kama mvua. Ijumaa saa nne umeme ukakatika, betri ya zamani ikafa, umeme uliporudi akaiwasha.

"Karibu kwenye."

Akapiga simu kwa Mbonisi. Mbonisi akasema akija tena ni kazi mpya. MaNcube akamwambia neno ambalo sitaliandika, na mimi ni mtu wa kanisa, nikaona limemfaa.

Lakini ghadhabu ile ilimfungua akili. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akanieleza polepole. Mbonisi amefunga vitu vyote, Mafua akarudi. Kompyuta imezimwa na kuwashwa, Mafua ameondoka. Kwa hiyo anayeishika kadi si kitu anachokifungua yeye. Ni kitu kinachoamka chenyewe kompyuta inapoamka. Mafua anawahi kusema maneno mawili, kisha huyo mwingine anafika na kumtoa.

"Na mimi," akasema, "sijaweka kitu kama hicho. Nakijua kila kilichomo mle. Nakijua kama kabati langu."

Jumamosi alitumia simu yake, ambayo nayo inasema lakini ni ndogo na haifai kwa kazi ndefu, akaandika kwenye kundi la wasioona wanaotumia Linux. Jumapili baada ya ibada akaniita nisikilize majibu. Mwanamume mmoja alisema aondoe programu ya katikati. Mwingine akasema huyo wa kwanza ni mjinga, programu ya katikati haiondolewi. Wa kwanza akajibu. Wa pili akajibu. Wa tatu akaja na historia ya kadi za sauti tangu zamani. Simu ilisoma majibu arobaini na moja, na katika hayo yote hakuna aliyemuuliza MaNcube hata swali moja.

"Wanagombana kwa jina langu," akasema. "Mimi nimefiwa, wao wanagombania jeneza."

Jibu la arobaini na mbili lilitoka kwa mwanamke wa Mahikeng, Keneilwe, nalo lilikuwa fupi. Alisema, dada, usimtafute mwizi kwa kubahatisha. Uliza kadi yenyewe imeshikwa na nani. Kisha akaandika amri moja, maneno matatu na alama kadhaa.

Jumatatu, kabla hajajaribu, kituo kikapiga. Alikuwa Bwana Nyathi, anayesimamia rekodi. Mimi nilikuwa nimeleta mboga, nikasikia.

"MaNcube, habari za kazi? Maonyesho ni wiki ijayo, na mpaka sasa nina rekodi moja kati ya tisa."

"Baba Nyathi, kompyuta imenyamaza. Nilikueleza."

"Ulinieleza Jumatano. Leo Jumatatu. Nakuelewa, mama, lakini wakubwa wangu hawanielewi mimi. Nimempa mwandishi wa Gweru rekodi nne."

"Zipi?"

Akazitaja. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja wa Tsholotsho, MaSiziba, mwenye miaka tisini na kitu. MaNcube alikuwa ameshaisikiliza mara mbili kabla ya kuianza. Bibi yule alikuwa na namna ya kuvuta maneno ya zamani ambayo MaNcube alisema hajayasikia tangu bibi yake mwenyewe afariki.

"Hiyo niachie, baba. Naomba."

"Imeshakwenda, mama."

Alipokata simu hakulia. Alikaa anafuta meza kwa kiganja, meza ambayo ilikuwa safi. Nikasema Mungu atajalia. Nikaacha mboga nikaenda.

Jumanne, siku ya nane, aliniita asubuhi. Hakuita kwa kelele. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu na fimbo yake.

"MaDube, nataka macho yako nusu saa. Lakini leo usome kila kitu."

"Mimi husoma."

"Unachagua. Unasoma unachoona cha maana. Nikuulize, kule hospitali, ulikuwa unaruka maneno kwenye chupa ya dawa?"

Nikaanza kutafuta miwani yangu.

"Ulikuwa unasema, hii ni dawa ya kifua, mengine ni namba tu?"

Lilinichoma, kwa sababu nimewahi kumfokea mwanafunzi kwa jambo hilo hilo mpaka akalia. Nikavaa miwani, nikafunga kanga yangu vizuri, nikamfuata.

Akaiwasha. Karibu kwenye. Akafungua dirisha jeusi na kuandika amri ya Keneilwe. Nikamsomea aliyoandika, herufi kwa herufi, na herufi moja ilikuwa imekosewa, akairekebisha. Akabonyeza.

"Mistari mitatu," nikasema. "Wa kwanza ni vichwa vya safu. Wa pili, kwanza kuna mkwaju, kile kistari cha kuinama, kisha dev, mkwaju tena, kisha snd, kisha mkwaju."

"Endelea."

"Kisha jina lako, simangele, herufi ndogo. Kisha namba, moja nane nne saba. Kisha F kubwa, nukta nukta nukta, m ndogo. Kisha neno moja la herufi tano."

Nikamtajia herufi tano. Akaegemea nyuma.

"Huyo namjua kwa sifa. Ni wa watu wa studio, wanaorekodi muziki. Ukimwasha anaichukua kadi nzima. Na programu yangu ya pedali inamfahamu, hata ile ya muziki aliyoifungua Mbonisi, ndiyo maana mzee alikuwa anapita kwake na kusikika. Mafua hamfahamu." Akapiga meza. "Lakini mimi sikumweka! Nani kamwasha?"

Akaandika amri nyingine, ya kutaja vitu vyote vinavyoamka pamoja na kompyuta. Vilikuwa sita. Nikasoma cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila nukta na kila kistari. Cha nne kilianza na a.

"a, m, a, d, w, a, l, a, kistari, s, t..."

Nikasimama hapo. Sikuhitaji kuendelea, na yeye hakuniambia niendelee. Amadwala ni kwaya ya wanaume ya hapa Luveve, wanaume kumi wanaoimba imbube bila ala, na Mntungwa ndiye besi yao ya kwanza.

Kisha MaNcube akaandika amri fupi na ile namba, moja nane nne saba, akaiua ile programu. Mafua akaamka na, kwa kuwa kazi yake ni kusoma kilichopo, akasoma. Maneno yake ya kwanza baada ya siku zile zote yalikuwa, "Amadwala kistari studio."

"Nimesikia," akamwambia.

Ningeweza kwenda nyumbani. Sikwenda, na hata wewe usingekwenda. Saa saba Mntungwa akaingia, akasikia Mafua anasema, uso ukamchangamka.

"Ah! Amerudi! Asante Mungu. Nilisema yule Mbonisi..."

"Amadwala studio ni nini, baba?"

Mtu mkubwa yule alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni kama aliyesukumwa.

"Nilikuuliza Jumanne iliyopita," akasema MaNcube, "kama kuna mtu aliigusa. Ukasema, 'Nani aiguse, mama? Kila mtu anajua sheria ya nyumba hii.' Hukusema hakuna. Ulinijibu kwa swali. Mimi ndiye mjinga, siku nzima nasikiliza watu wanavyosema, nikashindwa kukusikia wewe."

"Mama, sikujua kama ndiyo hiyo."

"Nani aliweka?"

"Sikhumbuzo. Yule wa kwaya, wa sauti ya teno. Jumatatu ya wiki iliyopita, ulipokwenda kituoni kuchukua rekodi. Tulitakiwa kupeleka wimbo mmoja kwenye mashindano ya Victoria Falls, uwe umerekodiwa vizuri. Alisema ni dakika ishirini tu, hutajua."

"Kweli sikujua."

"Ulipoanza kulalamika nilimwendea. Akasema haiwezekani, hiyo ya kurekodi na ya kusoma hazihusiani. Nikasema labda kweli. Nikaleta fundi."

"Ukaleta fundi, lakini hukumwambia fundi. Siku nane, Mntungwa! Mpaka MaDube wa watu nimemgombeza. Rekodi nne zimekwenda Gweru. MaSiziba amekwenda Gweru, na yule wa Gweru ninamjua, neno asilolisikia analiruka."

"Niliogopa," akasema Mntungwa. Kwa sauti ile nzito, neno hilo lilisikika dogo sana.

"Uliogopa nini? Nitakupiga?"

"Ungesema usemavyo sasa."

"Na sasa nasema! Imekusaidia nini?"

Mntungwa aliinuka bila kula, akarudi kazini, na mashine yake ya kukatia chuma ikalia mchana mzima bila kupumzika.

Siku tatu nyumba ile ilikuwa na maneno machache: chumvi, mlango, maji yamekuja. MaNcube akafanya kazi. Aliondoa amri iliyokuwa ikiiamsha ile programu ya studio, akaweka neno la siri kwenye kompyuta, akaziandika zile rekodi nne zilizobaki kwa siku sita, zikafika kituoni asubuhi ya maonyesho, karatasi bado zina joto la mashine. Nilikwenda naye. Kwenye ukuta walibandika kurasa za wazee na picha zao. Aliniomba nimsomee ya MaSiziba, nami nikasoma kila herufi, hata nukta. Mahali pengi mwandishi wa Gweru alikuwa ameandika "haisikiki". Mara kumi na saba. MaNcube alihesabu kwa vidole, kisha akamtafuta Bwana Nyathi katikati ya wageni na soda zao.

"Baba, rekodi ya MaSiziba bado ipo?"

"Ipo, lakini kazi imekwisha, mama. Hakuna malipo mengine."

"Sijauliza malipo. Nipe rekodi."

Akapewa. Hiyo alikaa nayo mpaka Novemba, na zile "haisikiki" kumi na saba zikabaki mbili. Ukurasa wa ukutani haukubadilishwa, maonyesho yalikuwa yameshafungwa.

Na Amadwala? Kwenye kompyuta hawakuwahi kuimba hata ubeti mmoja, kwa hiyo walipeleka wimbo uliorekodiwa kwa simu kwenye banda la magari, mbwa anabweka katika ubeti wa pili. Hawakuchaguliwa. Mntungwa hakumlaumu mtu, na nadhani kule kutolaumu ndiko kulikomchosha MaNcube kuliko kelele yoyote. Jumamosi moja mvua za kwanza zimeanza, nikasikia anamuuliza uani:

"Hao wenzako bado wanataka kurekodi?"

"Sijui. Labda."

"Labda ni nini? Ndiyo au hapana? Nimechoka na watu wanaonijibu pembeni."

"Ndiyo, mama."

Basi walikuja, wanaume kumi kwenye sebule ya watu wanne, na Sikhumbuzo amejificha nyuma kabisa. MaNcube aliiwasha programu ya studio kwa mkono wake. Alikuwa amekaa juma zima na Keneilwe kwenye simu, wakaipata njia ya kuifanya ipitishe sauti kwenye ile ya katikati, hivyo Mafua alikuwa anamnong'oneza sikio moja wakati kwaya inaingia sikio la pili. Mimi nilikaa mlangoni. Waliimba ubeti mmoja, akainua mkono.

"Simameni. Kuna mtu anapumua kama ng'ombe. Wa kulia, wa pili kutoka dirishani."

"Ni mimi, mama," akasema Sikhumbuzo.

"Nilijua. Funga mdomo, pumua kwa pua. Na wewe uliyevaa viatu vinavyolia, vivue. Mntungwa, umeingia mapema. Tunaanza tena."

Wakaanza tena. Mara ya nne Mntungwa akaingia mapema tena, na mkewe akamfokea mbele ya wenzake wote, naye akasema samahani, akasogea hatua moja nyuma, wakaimba.